Vitone Vyeusi Ndani ya Mbegu ya Pamba

Pasua mbegu ya pamba kwa wembe, kisha itazame kiini chake cheupe: kimejaa vitone vyeusi kana kwamba kimenyunyiziwa pilipili manga. Hizo ndizo tezi za rangi. Kila moja ilianza kama fundo dogo la seli, ambapo zile za katikati zilikufa na kuyeyuka, zikaacha uwazi uliojaa gosipoli, sumu inayomkinaisha kiwavi kula jani na inayoifanya mbegu yenye protini nyingi isimfae kuku, nguruwe wala binadamu. Ng'ombe aliyekomaa huivumilia kwa kiasi, maana tumbo la mnyama anayecheua hupunguza makali yake.

Katika miaka ya 1950, mtafiti wa Marekani aitwaye McMichael alipata pamba isiyo na tezi hata moja, na wengi wakadhani kazi imekwisha. Mimea hiyo ilipofika mashambani, wadudu waliivamia, wakiwemo waliokuwa hawana habari na pamba hapo awali. Kwa maoni yangu kosa lilikuwa katika swali lenyewe, kwani waliuliza namna ya kuziondoa tezi, wala hawakuuliza ni wapi ziondolewe na wapi zibaki.

Mwaka 2016 ilitambuliwa jeni kuu inayoamuru tezi zitokee, iitwayo GoPGF. Kwa kuwa pamba inayolimwa zaidi duniani ina jenomu mbili, yaani seti mbili kamili za jeni, ndani yake, jeni hiyo ina nakala mbili, na McMichael, bila kujua, alikuwa ameshika mmea ambao nakala zote mbili zimeharibika. Ni ugunduzi mkubwa, lakini ukiizima jeni hiyo mmea mzima unabaki bila kinga.

Ndiyo maana naipenda zaidi njia ya Keerti Rathore, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Texas A&M, ambaye alizuia utengenezaji wa gosipoli ndani ya mbegu peke yake; pamba yake iliruhusiwa kulimwa Marekani mwaka 2018. Hata hivyo pamba mwitu ya Australia, Gossypium sturtianum, ilimtangulia zamani sana: mbegu yake haina tezi, nazo huchomoza baada ya mche kuota. Laiti fedha za utafiti zingekuwa mikononi mwangu, ningeziweka hapo, katika kujua ni nini kinachoichelewesha amri ya tezi hadi mbegu iote.