Sikugonga mti

Naona rafiki yangu ameshawasimulia kwamba niligonga mti. Sikugonga mti. Nilipanda ukingo wa barabara, tairi moja tu, na nina sababu.

Mwanangu ametimiza miaka 14, sauti imeanza kukwaruza, na mama yake akaniambia zamu hii ya kumweleza mambo ya balehe ni yangu. Nilisoma mahali kwamba mazungumzo ya aina hii yanafaa garini: hamtazamani usoni, na hakuna wa kukimbia. Hilo la kukimbia ndilo lililonimaliza, maana na mimi nilikuwa humo humo.

Basi. Kijana kakaa mbele, kofia ya sweta hadi puani. Nyuma, mama mkwe, tunamrudisha kwake. Alikuwa anakoroma. Nawaapia, alikuwa anakoroma.

Nikakohoa kama mwenyekiti wa kikao, nikaanza. Ndoto nyevu nilizipita salama: kawaida hiyo mwanangu, si ugonjwa. Kichwa kikanivimba. Nikatangaza kwamba msichana hushika mimba siku ya 14 ya mzunguko wake wa hedhi tu, nyingine zote hazina neno. Kijana kimya. Nikadhani hekima inamwingia. Nikaongeza kwamba mwanamume makini kondomu yake hukaa kwenye pochi, hata mwaka mzima, inasubiri siku yake.

Mkoromo ukakoma.

"Si kweli."

Nikatazama kioo. Macho mawili makavu, hayana hata chembe ya usingizi. Mama mkwe ni mkunga mstaafu. Ninyi mnajua. Mimi nilisahau.

"Mbegu za kiume huweza kukaa hai mwilini mwa mwanamke hadi siku 5. Na msichana wa umri huo mzunguko wake haujatulia. Leo siku 24, kesho 40. Hiyo siku yako ya 14 utaihesabia wapi?"

"Shikamoo mama," nikasema. Nilishamwamkia asubuhi.

"Na kondomu haikai kwenye pochi. Joto na msuguano huiharibu. Huwekwa pakavu, pasipo joto, na tarehe husomwa."

Akanyamaza. Nikapumua. Kumbe anajisogeza. Nikasikia siti inalia, pumzi yake ikafika kisogoni kwangu, na sauti ya upole kabisa, ile ya kumwambia mgonjwa kwamba sindano haiumi:

"Kwani wewe, baba, unaiweka kwenye pochi?"

Hebu simameni hapa na mimi. Nikisema sina, nimemdanganya mwanangu mchana kweupe. Nikisema ninayo, ya nini? Binti yake ana kitanzi cha uzazi wa mpango, na aliyemsindikiza kwenda kuwekewa ni yeye huyu huyu! Na pochi yenyewe iko hapo juu ya dashibodi, imenona. Kijana akaitazama. Mama mkwe akaitazama. Na mimi, dereva, nikaitazama.

Ndipo tairi ikapanda ukingo. Pochi ikaruka, ikatua mapajani kwa kijana, ikafunguka. Ni risiti. Risiti tupu. Mnaosubiri niwaonyeshe, mtakesha.

Tukafika. Wakaingia ndani, bibi na mjukuu, saa nzima nasikia wanacheka. Mimi niko nje nakagua tairi ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Njia nzima ya kurudi kijana hakusema neno, mpaka getini.

"Baba, bibi amesema uje Jumamosi. Peke yako. Uje na daftari."