Mbao Mbichi kwa Bei ya Kavu

Kinachonikera zaidi katika useremala wangu wa nyumbani hapa Nairobi ni mbao mbichi kuuzwa kama kavu. Unaingia yadi, unaulizia saiprasi iliyokauka, muuzaji anapiga kofi ubao ulio juu ya rundo: "Hii imekauka kabisa, bosi." Unalipa kwa futi, unabeba. Ukifika nyumbani ukaupiga randa, maranda yanatoka mazito, yananata kwenye kisu, na kiganja kinalowa.

Mbao za fanicha ya ndani zinafaa kuwa na unyevu wa asilimia 12 hivi au chini yake. Zikiwa mbichi zitaendelea kusinyaa sebuleni, tena kwa upana, urefu haubadiliki sana. Ndiyo maana uso wa meza uliokazwa kwa skrubu pande zote unapasuka katikati, mlio ukasikika hadi chumbani. Msasa, vanishi, wikendi nzima, vyote vimepotea.

Tunaoumia ni sisi wa nyumbani. Fundi mwenye karakana hununua mapema, akazipanga na vijiti katikati ili hewa ipite, akasubiri miezi. Mimi naishi ghorofani, balkoni yenyewe inatosha kamba ya nguo tu.

Kama ni mbichi, sema ni mbichi, niuzie kwa bei ya mbichi. Na nikitoa kipima unyevu changu kabla ya kulipa, niache nipime. Mara ya mwisho niliambiwa nikanunue kwingine.