Kuku Wameingia Stoo

Saa moja na nusu jioni simu ya Mzee ikaita. Shikamoo yangu haikupata hata pa kutua.

"Wewe fundi, kuku wameingia stoo!"

Stoo yenyewe iko Kariakoo, ghorofa ya tatu, imejaa vitenge. Kuku wa kupanda ngazi zote zile na kufungua kufuli mbili sijawahi kumsikia, lakini Mzee hapingwi. Mchana ule nilikuwa nimemwekea VPN, yaani handaki la faragha la kupitia intaneti, kwenye ruta ya ofisini, ili akiwa kwake Kibaha aone kamera ya stoo kwenye kompyuta. Niliijaribu kwa bando la simu, ikafunguka vizuri, nikalipwa changu.

Mlinzi naye akaunganishwa, tukawa watatu hewani.

"Fukuza hao kuku!"

"Mzee, hapa hakuna kuku."

"Nawaona! Mmoja anakunya kabisa. Wewe ndiye sikuoni, uko wapi?"

"Niko mbele ya kamera, Mzee, nakupungia."

"Muongo! Umetoroka lindo!"

Maskini mlinzi akawasha tochi, nikamsikia anarukaruka na viatu vyake. Mzee anaona kuku tu. Nikamwomba anisomee namba zilizo juu ya ile picha. Akasoma kwa hasira: 192.168.1.64. Kabla sijafungua mdomo, akapiga ukelele.

"Heh! Mke wangu kafikaje Kariakoo? Na kanga yake ya jikoni! Anaokota mayai!"

Ilinibidi niizibe simu kwa mto.

Ruta nyingi hutoka dukani na mtandao uleule, 192.168.1.0/24, yaani anwani za ndani zinazoanza na 192.168.1. Ya Kibaha ilikuwa hivyo, ya Kariakoo hivyohivyo. Tangu 1996 anwani za ndani zimetengewa mafungu matatu, na fungu linaloanza na 10 peke yake lina anwani zaidi ya milioni 16, ila sisi tumebanana humohumo kwenye anwani 254. Kijana wake naye alifunga kamera kwenye banda la kuku la Kibaha wakati wa likizo, aina ileile ya stoo, na aina hiyo yote hutoka kiwandani na anwani inayoishia .64. Neno la siri la Mzee ni moja kwa kila kitu. Kompyuta ilipoambiwa .64 ikaona huyo ni jirani wa hapahapa, ikabisha hodi bandani. Kwenye handaki la VPN haikutia hata mguu.

Kesho yake niliihamishia ofisi nzima 10.46.8.0/24, nikabadilisha na njia zinayopewa kompyuta zinazoingia kwa VPN. Printa ilinuna hadi adhuhuri.

Vitenge sasa vinaonekana, na Mzee hana habari navyo. Anataka aone banda akiwa dukani, maana mayai aliyoyahesabu jioni ile hayakulingana na yaliyofika mezani. Nikalipatia banda sabneti yake, yaani fungu lake la anwani, 192.168.77.0/24, na njia ya kufika Kariakoo.

Jioni mkewe akanipigia, sauti ya chini.

"Mwanangu, eti hiyo kamera, kona gani haifiki?"