Kabla ya Kuibadilisha Deki Yako ya Sidi, Iulize Leza

Deki ya sidi ikishatimiza miaka ishirini au thelathini, mwenyewe huanza kuingiwa na wasiwasi. Bado inapiga, lakini anajiuliza kama za sasa hazijaiacha mbali kwa sauti. Kwa maoni yangu, hapo ndipo wengi wanapopotea. Kinachochakaa kwenye deki si sauti, ni viungo vyake.

Sidi ilipoingia sokoni mwaka 1982 ilikuja na kipimo chake: sampuli (vipimo vya sauti) 44,100 kila sekunde, kila sampuli ikiandikwa kwa biti 16. Kipimo hicho hakijaguswa hadi leo. Ni kweli deki za kwanza za Philips zilitumia vigeuzi, yaani chipu za kugeuza namba kuwa sauti, vya biti 14, lakini katika miaka ya 1990 chipu hizo zilikuwa zimekwisha kuwa nzuri, hata kwenye deki za kawaida. Spika yoyote, hata ya bei mbaya, huipotosha sauti kuliko deki hizo. Kwa hiyo mtu mwenye fedha ya kuboresha mitambo yake, na deki yake ni nzima, mimi namwambia bila kusita: nunua spika.

Wapo watakaosema wamelinganisha deki mbili wakasikia tofauti kubwa. Sawa, lakini je, sauti zilikuwa na nguvu sawa? Deki nyingi hutoa takriban volti 2, nyingine huzidi kidogo, na sikio la binadamu huipenda ile yenye nguvu zaidi likidhani ni safi zaidi. Bila kusawazisha kwa kipimo, ulinganisho huo hauna maana.

Sasa tuje kwenye viungo. Mistari ya data kwenye sidi imeachana kwa maikromita 1.6 tu, na leza ya deki, yaani mwale wa mwanga unaosoma sidi, lazima iifuate mistari hiyo huku sidi ikizunguka takriban mara 500 kwa dakika mwanzoni, ikipungua hadi karibu 200 mwishoni. Lenzi ya leza hiyo husogezwa na koili ndogo, ikijirekebisha muda wote. Vumbi likitua juu yake, grisi ya reli ikikauka, au leza yenyewe ikichoka, kazi hiyo inaharibika. Ila haiharibiki polepole kwa namna ya kusikika. Sidi ina mfumo wa kusahihisha makosa unaoweza kuziba pengo la takriban milimita 2.5 kwenye mstari, kwa hiyo deki iliyochoka huendelea kupiga vizuri hadi siku inaposhindwa, ndipo inaanza kuruka au kukataa kusoma. Mtu akiniambia muziki umefifia kwa sababu leza imezeeka, simkubalii. Ukisikia mvumo, au upande mmoja umepungua nguvu, mwambie fundi aangalie kapasita (vijenzi vinavyohifadhi umeme ndani ya deki) na soketi za waya kwanza.

Trei ikikataa kutoka, mara nyingi ni mkanda wa mpira uliolegea. Hilo si tatizo la kumfanya mtu auze deki! Deki ikisoma sidi za dukani na kuzikataa za kuchomwa, shuku lenzi chafu au leza dhaifu, kwa kuwa sidi za kuchomwa haziakisi mwanga kwa nguvu kama za dukani.

Swali linaloamua kila kitu ni hili: leza ya kubadilishia inapatikana? Deki za zamani za Philips zenye leza iliyobebwa na mkono unaobembea zilitengenezwa kwa uimara wa kupendeza, zile zenye kitengo cha leza cha CDM1 hata lenzi yake ni ya kioo, lakini vipuri vyake vipya havitengenezwi tena. Leza za Sony za aina ya KSS-213 zilitumika kwenye deki nyingi mno, na mbadala wake bado unapatikana. Aliye na deki ya aina hiyo anaweza kuitunza kwa miaka mingi.

Kigeuzi cha nje, kilichounganishwa kwa waya wa dijitali, kinafaa pale sehemu ya sauti ya deki inapoharibika wakati leza ni nzima. Kwa leza iliyochoka hakisaidii chochote.

Na kama kipuri hakipo kabisa, nunua deki nyingine bila majuto. Ila kabla ya kulipa, mwulize muuzaji inatumia leza gani na kama inauzwa peke yake. Akishindwa kujibu, tafuta deki nyingine.