Aliteleza Bafuni

Juzi nimepanda daladala ya Gongo la Mboto, redio iko juu kama kawaida yao, foleni ya Buguruni haisogei. Taarifa ya habari ikatangaza kwamba kuna kijana kapandishwa kizimbani kwa kosa la kujaribu kujiua. Watu kimya kidogo. Konda akadakia: "Sasa angefanikiwa wangemshtaki nani?" Gari zima likaangua kicheko. Na mimi nikacheka, Mungu anisamehe, halafu nikashuka vituo viwili kabla ya kwangu kwa sababu koo lilinikaba.

Konda yule sidhani kama ameisoma sheria, lakini kaipatia kuliko mawakili wengi. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinasema anayejaribu kujiua ametenda kosa. Adhabu hakikutaja, kwa hiyo inaangukia kwenye ile ya jumla: hadi miaka miwili jela, au faini, au vyote viwili. Yaani mtu kachoka kuishi, kanusurika, anafumbua macho wodini, na zawadi tuliyomwandalia ni kesi. Hongereni sana.

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, kaniruhusu niandike hili kwa sharti nisitaje jina lake wala hospitali. Alichofanya sitakieleza, hakimsaidii mtu. Tulimfikisha hospitali saa nane usiku. Pale mapokezi hatukuulizwa anaitwa nani. Tuliulizwa PF3, ile fomu ya polisi, iko wapi.

Mama mdogo hajawahi kudanganya hata bei ya khanga. Usiku ule alimtazama muuguzi usoni akasema, "Aliteleza bafuni." Hatukuwa tumepanga. Lakini ndani ya dakika kumi ukoo mzima ulikuwa kwenye stori hiyo hiyo, mjomba akaongezea na kipande cha sabuni. Mimi nilithibitisha kwamba sakafu ya bafu lile inateleza. Sakafu ile ni ya saruji, ukikanyaga unasikia mchanga.

Daktari alitutazama mmoja mmoja. Nadhani alijua. Akashusha pumzi, akaandika tulichomwambia, na kuanzia hapo mdogo wangu akatibiwa bafu. Siku ya tatu akaruhusiwa na dawa za maumivu, tukaambiwa tuwe makini na maji sakafuni. Hakuna aliyemuuliza kama analala. Hakuna aliyeuliza kwa nini kwa miezi minne alikuwa anakaa gizani, simu imezimwa, ugali unarudi jikoni kama ulivyokwenda. Na wangeulizaje? Sonona, ule ugonjwa wa huzuni isiyoondoka, ina dawa, ina wataalamu wa kukaa na mtu akazungumza, na mara nyingi vyote vinakwenda pamoja. Ila faili lilisema kateleza.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo, na naomba mnielewe vizuri. Sijali sana ni wangapi wanafungwa kwa kifungu hiki. Kesi nyingi haziendi popote, najua. Ninachokiona ni kwamba kifungu hiki kinafanya kazi yake hata bila hakimu. Kinafanya kazi pale dirishani, mama anapochagua kati ya mwanawe kutibiwa ugonjwa wenyewe na mwanawe kuepuka pingu, na ana dakika moja tu ya kuamua. Mnaosema kinatisha watu wasijaribu, niambieni: mtu aliyefika pale anafungua Sura ya 16, hiyo Kanuni ya Adhabu, asome kwanza? Anayetishika ni mama yake. Aliyebaki na akili za kuogopa ni yeye.

Halafu kuna hili la kuchekesha. Sheria yenyewe tumeirithi kwa Waingereza. Kwao walikuwa nayo, wakaona ni upuuzi, wakaifuta tarehe 3 Agosti 1961. Sisi tukapata uhuru wetu tarehe 9 Desemba mwaka huo huo. Miezi minne! Mwenye nyumba kaondoka na kitanda kipya, sisi tumeachiwa godoro lenye kunguni, na mpaka leo tunalianika juani kwa heshima zote. Ghana walifuta ya kwao 2023. Majirani zetu Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu chao cha 226 kinapingana na Katiba.

Haya, nakubali, polisi si mashetani. Yule aliyekuja wodini alikuwa kijana mstaarabu, akapokea chai ya mama mdogo, akaandika "bafuni" bila kuinua macho. Lakini huyo ni yeye. Angekuwa wa zamu nyingine je?

Wa dini mnaosema ni dhambi, sibishani nanyi. Dhambi ina mwenyewe wa kuihukumu, na sijasikia kama aliomba msaada wa hakimu wa wilaya. Nyie wa "acha mawazo", mlikuja na machungwa mkamwambia mgonjwa aache mawazo kana kwamba mawazo ni sigara. Asanteni kwa machungwa. Na wale wa utani wa Mirembe, hospitali ile ya magonjwa ya akili inatibu watu Dodoma tangu 1927, na mmoja wa waliotoka pale anafundisha hesabu mtaani kwetu. Watoto wenu wanafaulu kwake.

Baada ya tukio, mama mdogo alinunua mkeka wa mpira wa kuzuia kuteleza akautandika bafuni, ili majirani wakija waone. Mpaka leo upo. Tunaukanyaga kila tukioga, hakuna anayesema neno.

Mwaka ulipita kabla mdogo wangu hajaniambia mwenyewe, usiku, umeme umekatika, kwamba mambo yanarudi. Safari hii tulikwenda kliniki ya afya ya akili, sisi watatu. Muuguzi wa pale alikuwa mama wa makamo, mpole, akaweka kalamu chini kabla ya kuuliza: "Mwanangu, umewahi kutaka kujidhuru?"

Mdogo wangu akamtazama mama yake. Mama mdogo akageuka kuutazama mlango kwanza. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini kabisa, kama na hapa wanataka PF3.