Mto Ruaha Si Pambo la Kibaraza

Kuna jambo limeniudhi katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na sitanyamaza. Tulikuwa tumesimama na gari kando ya mto, mbele yetu tembo jike anachimba mchanga. Redio ya dereva ikaita: simba wameonekana huko mbele. Gari likawashwa hapohapo, vumbi likatimka, tukaondoka. Hakuna aliyetuuliza kama tunataka kwenda.

Simba wenyewe walikuwa wamelala, wametugeuzia mgongo, na magari yamewazunguka. Sawa, ni simba, na mtu aliyetoka mbali ana haki ya kumwona. Lakini kumwacha yule tembo kwa ajili ya mkia uliokuwa ukifukuza nzi ni hasara.

Kwa sababu yule tembo alikuwa anatufundisha hifadhi nzima. Alipiga mchanga kwa mguu wa mbele, akausogeza, akaingiza mkonga. Maji ya kwanza yalitoka na tope, akayamwaga pembeni, akangoja kidogo, ndipo akanywa. Ndama wake alikuwa akisukuma kichwa chini ya mguu wa mama, mkonga wake haujafika chini. Tembo wakishaondoka, shimo hilo linakuwa kisima cha nyani, swala na ndege. Kaeni mahali pamoja saa mbili tu mtaona foleni yao.

Na kwa nini tembo achimbe maji katikati ya mto? Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Ruaha Mkuu ulikuwa ukitiririka mwaka mzima. Tangu 1993 umekuwa ukikatika kiangazi ndani ya hifadhi, wakati mwingine kwa wiki nyingi mfululizo. Maji yanachepushwa huko juu, bonde la Usangu, kwenda mashambani. Kinamasi cha Ihefu kikipungua hadi chini ya kile kizingiti cha mwamba pale Ng'iriama, maji yanapotokea, basi, huku chini hakiji kitu. Viboko wanabanana kwenye vidimbwi vilivyobaki, wanaumana, maji yamegeuka kijani kwa kinyesi chao. Mgeni wa meza ya jirani alilalamika kwamba loji imemtangazia mto, naye ameletwa kutazama mchanga. Nilitamani mtu amweleze mchanga ule umetoka wapi. Hakuna aliyemweleza. Alipozwa kwa kuahidiwa chui kesho asubuhi.

Najua nitajibiwa kuhusu wakulima. Mpunga wa Mbarali, hukohuko Usangu, tunaula sote, nami naula, na mkulima hawezi kuambiwa alale njaa ili kiboko aoge. Nakubali, ingawa shingo upande. Ila kuna maji yanayopotea kwenye mifereji ya udongo bila kufika shamba la mtu yeyote, na hayo hayana utetezi. Usangu iliingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwaka 2008, Ihefu ikiwemo, na bado mto unakatika. Mpaka kwenye ramani haujazi maji mtoni. Tena maji haya hayaishii kwa tembo. Yanateremka hadi mabwawa ya Mtera na Kidatu, kwenye umeme wetu.

Mengine ya safari yalikuwa mazuri. Matembezi ya miguu alfajiri, na askari wa hifadhi mwenye bunduki mbele, yalinipa nyayo za fisi na gome la mbuyu lililochunwa na tembo kuliko safari zote za gari. Tandala dume mwenye pembe zilizosokotwa alituvukia njia. Mchana, jua likiwaka, kibaraza cha loji chenyewe kinatosha: furukombe analia juu ya mti, mamba yuko kwenye tundu lake ukingoni, nawe huna haja ya kuhama kiti.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wenye loji za mtoni. Mnauza mto, chumba kinachoutazama kina bei yake. Basi usemeeni. Ukuta wa sehemu ya kulia umejaa picha za simba. Toeni moja, mtundike ramani ya Ruaha Mkuu kuanzia Usangu hadi Mtera, na kila jioni kabla ya chakula mwongozaji atumie dakika kumi kuwaeleza wageni maji yamefika wapi wiki hiyo. Na madereva waruhusiwe kuzima redio.