Mhadhara wa Ndege

Leo alfajiri simu imelia mlio wa ujumbe. Nikajua msiba, saa hiyo nani anatuma salamu? Kufungua: "Wapendwa, Jumamosi saa 12 kamili asubuhi, ufukweni. Njooni na darubini, kofia na nguo za rangi iliyopoa." Mimi nguo zangu zote zimepoa. Zimefuliwa kwa sabuni ya mche mpaka zenyewe hazikumbuki zilikuwa rangi gani.

Kosa ni langu. Mwezi uliopita nilisoma bango ukutani: MHADHARA WA NDEGE, KIINGILIO BURE, CHAI IPO. Mtu mzima na akili zangu nikaona hapa kuna mambo ya anga, labda wanatafuta watu wa mizigo pale uwanjani. Nikaazima tai ya shemeji, nikabeba bahasha ya vyeti, nikapanda daladala mbili. Ya pili nilining'inia mlangoni, tai inapepea nje kama bendera. Konda ananiita mheshimiwa, lakini nauli hapunguzi.

Kuingia ukumbini, watu wamevaa kaptula zenye mifuko hadi magotini, kila shingo ina darubini. Mwenye tai ni mimi tu, kwa hiyo wakaniketisha mbele, ubavuni kwa mgeni rasmi. Heshima nzito hiyo, jamani. Meza ya sambusa unaiona vizuri kabisa, ila kuinuka huwezi.

Mtaalamu akaanza: "Tanzania ina aina za ndege zaidi ya 1,100." Nikaandika, huku najiuliza serikali imezinunua lini zote hizo. Nilikuja kuelewa alipofika kwenye mayai. Bahasha nikaikalia.

Akasema kuna kozi mdogo mwenye jina la mto Amur, anatoka huko Siberia na China, anakatiza Bahari ya Hindi nzima mpaka Afrika. Mimi Mbagala hadi Kariakoo nafika hoi.

Balaa lilianzia kwa kwale. Eti mwaka 1991, kambini kwenye misitu ya Udzungwa, watafiti kutoka Denmark walichungulia sufuria wakaona miguu ya ndege wasiyemjua. Keshapikwa! Ndivyo dunia ya wasomi ilivyokuja kumfahamu kwale wa Udzungwa. Watu wakacheka kistaarabu. Mimi sikucheka. Mtu hujala tangu jana usiku, anakutajia mchuzi wa kwale, na sambusa ziko hatua tano. Tumbo likajibu kwa niaba yangu: "Kruuu, kruuu."

Mgeni rasmi akanishika mkono. "Umemsikia? Njiwa yule. Yuko karibu mno."

"Karibu sana, mzee," nikamwambia.

Akapunga mkono, mtaalamu akanyamaza, ukumbi ukawa kimya kama makaburini. Darubini zote zikageukia dirishani. Nikabana pumzi, nikaminya tumbo kwa viwiko, nikakumbuka hata dua za utotoni. Wapi! "Kruuuuu." Mzee mmoja akatoa daftari: njiwa, mmoja, saa 8:20 mchana. Binti wa nyuma akapinga, sauti hiyo ni ya hua. Wakabishana, wakaniangalia mimi mwenye tai niamue. Nikakohoa nikasema, kwa uzoefu wangu, huyo hulia hivyo akikosa chakula. Wakaandika.

Yakaja maswali. Bwana mmoja aliuliza swali lililoanzia siku aliyozaliwa. Nami nikainuka, nikaweka tai sawa, nikauliza kwa adabu habari za kunguru. Nikajibiwa waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 kusaidia kula takataka.

Usafi! Adabu ikanitoka hapo hapo. Kwetu kunguru wapo, taka zipo, na kila mwezi risiti ya taka inakuja, lori sijui hata lina rangi gani. Juzi naoga uani, uso una povu, kunyoosha mkono sabuni haipo, iko juu ya bati la jirani inadonolewa. Yai la mwanangu limetoka kwenye sahani, sahani ikiwa mkononi mwa mtoto! Mtaalamu akasema kweli, hata makinda ya ndege wenzao wanakula. Nikamuuliza, basi mayai ya kuku wangu nimdai nani? Mwenyekiti akatangaza chai.

Wale watu wana sura za upole, ila mezani ni kwelea kwelea kwenye shamba la mtama. Nilikuta limau. Nikaandikishwa jina na namba, ndiyo maana leo naamshwa alfajiri niende kutazama juu, mimi ambaye mtaani kwetu nikiacha kutazama chini hatua mbili tu niko mtaroni.

Na shemeji naye anadai tai yake. Nimefungia mlango wa banda la kuku, aje afungue mwenyewe, komeo bei yake mmeisikia? Dukani wanakutajia huku wanaangalia pembeni, na ile ya bei nafuu ukiibana mara mbili inabaki mkono... Hebu ngojeni. Nani kaanika dagaa bila kufunika? Shuka wewe! Shuka, mla rushwa mkubwa!